Ukuta Mweupe wa Ghala la Maharage

Jumatatu, 14 Julai

Habari imefika Bugarama kabla sijamaliza uji. Watu wa mradi wa hifadhi wanataka sanaa ya vijana. Ujumbe: tuwatunze wanyamapori. Kikundi kitakachoshinda kitatembezwa ndani ya hifadhi kwa gari lao, halafu kitachora ukuta wa ghala la maharage.

Ukuta wa ghala! Ule mrefu, mweupe, unaotazama barabara. Nimeutamani tangu siku ulipopigwa lipu. Atakayeuchora ndiye atakayeitwa mchoraji hapa, na mwingine atabaki kuandika bei za kunyoa. Kwa sasa anayeandika bei za kunyoa ni mimi. Na za nyama, na za kushona viatu. Anayebisha atafute bango Bugarama nzima lisilo na mkono wangu.

Tatizo la kwanza: vijana mwisho ni miaka thelathini na mitano. Mimi nina arobaini na kidogo. Kidogo chenyewe ni sita.

Tatizo la pili: Zita. Nilimfundisha mwenyewe kushika brashi. Alikaa kibandani kwangu miaka miwili, akaondoka akisema anataka kufundisha watoto kuchora. Bure! Mtu mzima na akili zake. Sasa naye ana kikundi, na macho yake yako kwenye ukuta wangu.

Nimenunua piko ya nywele.

Jumanne, 15 Julai

Piko imeshika. Nywele nyeusi tii. Masharubu nimeyanyoa. Foronya ya Esperansia nayo nyeusi tii. Mke wangu amesema maneno ambayo sitayaandika, maana daftari hili huwa nalisahau mezani.

Nimeenda ofisi ya kata kujiandikisha. Nyuma ya meza kijana wa mradi, anaitwa Leonidas, fulana ya kijani yenye twiga kifuani. Nimevuta tumbo ndani, nikaingia kwa kudunda, nikamtupia mambo vipi.

Akasimama. Akavua kofia. Akaniamkia shikamoo.

Nikaitikia marahaba. Mdomo ulijibu wenyewe, umezoea. Suala la umri likaishia hapo.

Nikageuza haraka, nikamwambia nimekuja kama mlezi wa kikundi. Amefurahi sana. Amesema vijana wanahitaji wazee kama mimi. Wazee! Na piko yote ile.

Mlezi anahitaji watu wa kulea. Hadi jioni nimepata wawili. Derick, dereva wa pikipiki: amekubali kwa sababu anataka angalau siku moja aendeshwe na mtu mwingine. Suzan, shemeji yangu, mdogo wake Esperansia: ni msusi, hajui kuchora hata duara, lakini ana miaka ishirini na miwili, na hicho ndicho kipaji ninachokihitaji. Wengine wawili nimewaandikisha bila wao kuwepo. Wako Mwanza. Hawajui bado kwamba wanawapenda wanyamapori.

Alhamisi, 17 Julai

Leonidas ametueleza utaratibu. Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya gulio, kila kikundi kilete kazi moja sokoni. Kila mtu mzima atapewa punje moja ya maharage langoni, akaitie kwenye ndoo ya kikundi anachokipenda. Ndoo yenye maharage mengi ndiyo yenye ukuta.

Kwa hiyo si suala la sanaa hata kidogo. Ni suala la watu. Na watu mimi nawajua.

Nimewaza mchana kutwa. Wengine watachora tembo na simba. Wajinga. Nani hapa ana undugu na tembo? Kila ukoo una muziro wake, mnyama wa mwiko ambaye hawamli, hawamuui, na wengine hata jina lake hawalitaji hovyo. Ukoo wa Mzee Felisiani, baba mkwe wangu, hawagusi pongo, yule paa wa msituni. Mama Francisca, mwenyekiti wa soko, kwao ni korongo. Kina Derick ni kiboko. Sisi ni tumbili. Tumbili hao hao wamemaliza mahindi yangu ya bondeni, na siruhusiwi kuwarushia jiwe kwa nia mbaya. Huwa narusha kwa nia ya kati.

Nitawachora wote wanne kwenye ubao mmoja. Koo nne! Hiyo ni nusu ya soko. Zita na watoto wake wa shule watajua kwa nini mimi ndiye niliyekuwa fundi na yeye mwanafunzi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimezunguka kuomba kura.

Nimeanza kwa baba mkwe. Nimekaa kwenye kigoda cha chini kabisa, nikamwambia pongo wake atakuwa mbele ya wote. Mzee akaniuliza mara ya mwisho nimemwona pongo wapi. Nikasema porini. Akauliza pori lipi. Nikakohoa.

Akasema yeye alipokuwa mdogo walikuwa wanashuka kunywa maji kwenye chemchemi iliyo chini ya migomba yake. Jike linatangulia, linasimama, linasikiliza, ndipo wengine wanakuja. Sasa wajukuu wanamwuliza kama kweli pongo yupo, au ni hadithi ya wazee ya kuwanyima watu nyama. Aliangalia kule kwenye chemchemi.

Nikajua kura ya ukoo mzima imeingia. Nimepewa na mkungu wa ndizi juu.

Kwa Mama Francisca nimeahidi korongo atakuwa mbele ya wote. Kwa kina Derick nimeahidi kiboko atakuwa mbele ya wote. Suzan ameniuliza wote watakuwaje mbele ya wote. Nimemwambia hiyo ndiyo inaitwa sanaa, ashike nywele zake.

Jumatatu, 21 Julai

Plaiwudi mpya bei yake ni ya kuumiza. Kwa bahati nzuri mimi ni mtu wa kutunza vitu. Nyuma ya kibanda kuna ubao mkubwa niliomwandikia Niyonkuru alipokuwa na kibanda cha supu. Amefunga, amehamia Biharamulo, ubao hakurudi kuuchukua. SUPU YA MOTO IPO, kwa rangi nyekundu ya mafuta. Herufi zangu bora kabisa. Inaniuma kuzifunika.

Nimezifunika. Chokaa mikono miwili. Mweupe pee.

Nikiwa napiga mkono wa pili, Zita akapita na watoto wake, wamebeba marundo ya waya wenye kutu. Akanisalimia vizuri tu, tabia yake hiyo ya kuudhi. Akauliza kama chokaa nimeitia gundi, maana bila gundi inatoka kwa maji. Nimemwambia chokaa nimemfundisha mimi. Akasema ndiyo, fundi, ulinifundisha na gundi.

Gundi iliisha tangu Pasaka. Na hii ni Julai, mvua itoke wapi?

Nimemwuliza waya ni wa nini. Ni mitego. Watoto wanaiokota kingoni mwa msitu, na watu wengine wanawapa yao wenyewe, wanaitoa darini kimyakimya. Akauliza kama na mimi ninayo. Nimemwambia mnyama hachorwi kwa waya, anachorwa kwa brashi. Nimemwonea huruma kidogo. Ukuta ule jinsi ulivyo mrefu, na yeye anaufuata na kutu.

Jumatano, 23 Julai

Nimechora. Sijawahi kuchora huku watu wamenisimamia shingoni.

Nilianza na kiboko kwa sababu Derick alikuja na baba zake wadogo wawili. Kila nikitaka kuishia hapa, wanasema kiboko ni mkubwa kuliko hivyo, fundi. Kiboko amekula nusu ya ubao. Mchana akaja Mama Francisca, akasema miguu ya korongo ni ya kuku. Nikairefusha. Akasema bado. Sasa korongo ana miguu mpaka chini, na kichwa chake kimetokea karibu na pua ya kiboko, kama wanaambiana siri. Tumbili wangu nimemweka haraka.

Pongo amekosa nafasi.

Nimembana chini, kona ya kushoto, tumbili amemkalia mgongoni kwa sababu pengine pa kukaa hapakuwepo. Suzan kasema yule ni mbuzi. Haiwezekani asifanane na mbuzi, mimi miaka yote nachora mbuzi wa bucha, mkono umeshazoea. Nimemtia madoa meupe ubavuni. Suzan kasema sasa ni mbuzi mwenye madoa.

Nimemrudisha kwenye nywele za watu.

Ijumaa, 25 Julai

Sijalala vizuri kwa ajili ya ile kona ya kushoto. Mtu mwenye akili haachii jambo kubwa mikononi mwa wapiga kura.

Nimepita ofisini, nikayaona maharage ya Leonidas. Ya njano, ya kawaida kabisa. Esperansia ana debe la maharage ya njano chini ya kitanda. Nimechota mabakuli mawili makubwa. Hatajua. Derick atayamimina kwenye ndoo yetu mapema, watu wakiwa wanaangalia pengine. Harage ni harage, halina jina la mtu.

Kesho saa hizi nitakuwa naupima ukuta kwa kamba.

Jumamosi, 26 Julai

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Asubuhi ilianza vizuri, isipokuwa vumbi. Barabara yetu mwezi huu imekuwa unga mwekundu, kila pikipiki inayopita inatupaka wote. Vikundi vilikuwa vitatu. Vijana wa Murusagamba walileta ngonjera, ndefu sana, nami niliishukuru, maana ndani ya ngonjera Derick alifanya kazi yake. Maharage yaliingia kwenye ndoo kwa kishindo cha mvua ya mawe. Nilikohoa mpaka yakaisha.

Kisha Zita na watoto wakaleta kitu chao, kimefunikwa shuka. Wakakifunua.

Pongo. Wa waya mtupu, mitego yote ile imesokotwa, kimo chake cha kweli. Sikio moja limesimama, jingine limegeukia nyuma. Mguu wa mbele umenyanyuliwa kidogo, kama amesikia kitu. Ndani yake wazi, unawaona watu wa upande wa pili. Na shingoni wameacha kitanzi kimoja hakijasokotwa, kinaning'inia.

Soko lote likasogea karibu. Hata wauza dagaa. Nilisema kwa sauti kwamba ana kutu. Hakuna aliyecheka.

Bado sikukata tamaa, kwa sababu Mzee Felisiani alikuja kwetu moja kwa moja, na ukoo nyuma yake, na wajukuu, kila mkubwa na punje yake mkononi. Akamtafuta pongo. Akamkuta kona ya chini. Akaniuliza, kwa upole, kwa nini amekaliwa na tumbili. Nikasema anamlinda. Akalifikiria jambo hilo. Akalikubali, kwa shida.

Tatizo lake likawa moja tu: vumbi limemfunika pongo uso. Mzee akatoa leso mfukoni. Akailowesha kwa chupa ya maji ya mjukuu wake. Akainama, akaanza kumpangusa.

Nikamwambia baba, acha tu. Nikamwambia baba, rangi bado mbichi. Akasema ana mkono mwepesi. Alimpangusa taratibu, kama mtu anavyomfuta mtoto uso kabla ya kwenda kanisani.

Chokaa ikafuata leso. Kwanza ikatokea U. Kisha P. Nyekundu, haijapauka hata chembe. Mzee akadhani amechafua, akazidi kupangusa. Neno likakaa wazi lote chini ya kwato za pongo, na mengine yakafuata, mpaka mwisho wa mstari.

Wajukuu wanajua kusoma siku hizi. Walisoma kwa pamoja, kama darasani: SUPU YA MOTO IPO.

Ukoo ambao hawagusi hata mfupa wa pongo! Wamesimama pale wote!

Baba mkwe akaikunja leso mara nne. Akaniangalia bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi.

"Pancras, mkwe wangu," akasema. "Umempika."

Akavuka uwanja mpaka kwa yule wa waya. Akamwekea mkono mgongoni, akakaa hivyo. Akakigusa kile kitanzi. Halafu akatia punje yake kwenye ndoo ya Zita, na ukoo mzima ukafuata. Mama Francisca akasema ikiwa pongo ni supu, basi korongo wake ameandaliwa mishikaki, naye akaondoka na watu wake. Baba zake Derick hawakusubiri hata kuuliza kiboko ni chakula gani. Watu wa ukoo wangu mwenyewe wamepita kama hawanijui.

Hakuna mtu hata mmoja aliyetia punje kwetu. Soko lote ni shahidi. Kwa hiyo Leonidas alipoinua ndoo yetu na kuikuta imejaa nusu, alishangaa. Nikamweleza kwamba hao ni wapiga kura wa alfajiri. Derick alikuwa anakagua tairi la pikipiki yake, la nyuma, kwa makini sana.

Mama Francisca akachota maharage yetu, akayasogeza puani. Akapiga chafya. Akapiga tena. Akatangaza kwamba haya ni ya mbegu, yamehifadhiwa kwa majivu, na katika kata hii anayechanganya majivu na pilipili ya kusaga ni mwanamke mmoja.

"Esperansia," akaita juu ya vichwa vya watu, "njoo utambue mbegu zako."

Alizitambua.

Leonidas hakunigombeza. Alinishukuru mbele ya wote kwa moyo wangu wa kulea vijana, kisha akawapa akina mama maharage yale wawapikie watoto. Wameyaosha mara tatu kutoa pilipili. Mbegu za Septemba, zimeliwa na wanafunzi wa Zita, na walisema ni matamu.

Ukuta umeenda. Kwa kutu.

Jumapili, 27 Julai

Misa ya kwanza. Padri amehubiri juu ya uaminifu. Nadhani ni bahati mbaya.

Mchana wazee wa ukoo wa baba mkwe wameketi. Nimetozwa jogoo na dumu la lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kumwomba radhi pongo kwa jina lake mbele ya wajukuu. Nimeomba. Mjukuu mmoja akauliza tena kama pongo yupo kweli. Safari hii Mzee alisema yupo, ila amesogea mbali kidogo, na wanaomfahamu wanamtengenezea njia ya kurudi.

Esperansia haongei na mimi. Nalala sakafuni karibu na debe, maana ndilo pekee lililobaki na nafasi.

Jioni Zita kaja. Nilidhani kaja kunicheka, nikawa nimejiandaa kuudhika. Kumbe anataka niandike maneno ya ukutani. Amesema katika wilaya nzima hajaona mtu wa kunyoosha herufi kama mimi, na kwamba soko lote jana limeshuhudia rangi yangu haipauki.

Nimekaa nikitafuta tusi ndani ya maneno hayo. Sijalipata bado.

Jumatatu, 4 Agosti

Kikundi cha Zita kimetembezwa hifadhini Jumamosi. Derick alikuwemo ndani ya gari. Amehamia kwao siku ile ile ya chafya, msaliti. Mzee Felisiani alialikwa kama mgeni wa watoto. Mimi nilibaki na ndoo ya rangi na ngazi.

Wamerudi jioni. Derick alieleza kila kitu mara tatu, hasa viti vya gari. Mzee alishuka polepole, akapitia ukutani nilipokuwa juu ya ngazi. Nikamwamkia kutoka huko juu. Nikamwuliza kama wamemwona.

"Ni yule yule," akasema. "Jike lilitangulia, likasimama, likasikiliza."

Akabaki chini ya ngazi muda, anafuta macho kwa ile leso. Ina wekundu kidogo pembeni, haujatoka.

Ukuta, lazima niseme ukweli, umependeza. Pongo mmoja tu, mkubwa, na nafasi nyeupe nyingi pembeni yake. Mimi nisingeacha nafasi yote ile. Tangu Alhamisi watu wanapita na kuacha waya mlangoni pa ghala bila kujitaja. Leo asubuhi rundo lilinifika kiunoni. Chini ya kwato za pongo ndipo zilipo herufi zangu: NAYE ANATAKA KUFIKA NYUMBANI. Kila gari linapunguza mwendo. Wanasoma mkono wangu!

Halafu wanauliza nani kachora pongo.

Alhamisi, 7 Agosti

Bahati imerudi, na safari hii sigawani na mtu.

Paroko mpya anafika Jumapili. Kamati ya mapokezi imeona herufi za ghalani, imenipa mimi kazi ya ubao mkubwa wa kusimamishwa mlangoni pa kanisa: KARIBU BABA PAROKO, KUNDI LAKO LINAKUNGOJA. Nikifanya vizuri, ukuta wa kanisa wenyewe unahitaji picha ya Mchungaji Mwema. Ni mrefu kuliko wa ghala. Nimeshaupima kwa hatua.

Plaiwudi mpya sinunui. Ninao ubao wa baa moja iliyofungwa, niliuandika mwenyewe mwaka juzi: BIA BARIDI, VYUMBA VIPO, USIRI MKUBWA. Nimeupiga chokaa mikono miwili. Mweupe pee. Kwenye kona nitamweka kondoo. Mkono unaelekea kwenye mbuzi, lakini nitaushikilia.

Esperansia amevunja kimya chake cha siku kumi na moja ili kuniuliza swali moja tu, kama chokaa nimeitia gundi. Wanawake! Baba Paroko anakuja kubariki watu, hataanza kupangusa mabango.

Ingawa nasikia atapita akinyunyiza maji ya baraka kila mahali. Matone machache tu.